Anayerudi Nyuma Hutolewa

Saa moja asubuhi kadi yangu ikalia ting mlangoni mwa meli,
nikatolewa kwenye hesabu:
abiria elfu mbili mia moja na arobaini, kasoro mimi.
Nje kuna mvua, si ya kupita, ni ya kukaa.
Imekaa Ketchikan kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

Safari aliilipia mwanangu Mbonea.
"Mama, sasa ustaafu vizuri,"
kana kwamba kustaafu ni sahani, na mimi nimeacha nusu.
Miaka thelathini na mmoja nilikagua mizani,
Same, Hedaru, Makanya, Mwanga,
nikiitia lakiri ya risasi iliyo kweli,
nikiibeba mzegamzega inayodanganya.
Jicho halistaafu.

Niliahidiwa tai.
Ya kwanza nikaikuta shingoni mwa muuza vito,
kijana mwenye meno mengi.
Akaliweka chini ya taa jiwe la buluu iliyolala kwenye zambarau:
"Hili, bibi, hutoka mahali pamoja tu duniani. Mbali sana."
Nikamsikiliza hadi mwisho. Adabu.
Toka kwangu hadi Mererani ni nauli ya mabasi mawili.
Kisha nikamuuliza mizani yake ilikaguliwa lini.
Meno yakapungua.

Gatini kwa wavuvi kichwa kikaibuka majini,
cheusi, chenye sharubu, kama hakimu aliyekatizwa kuoga.
Huyu wanamwita sili.
Anakula. Tena hatafuni.

Na tai mwenyewe, yule wa manyoya,
kichwa cheupe, macho ya mdai,
alikuwa juu ya pipa la taka la kiwanda cha samaki
akigombania matumbo na kunguru wawili,
na kunguru walikuwa wanashinda.

Kijito kinapita katikati ya mji,
chini ya nyumba za mbao zilizokunja sketi zisilowe.
Ilitangulia harufu.
Halafu niliyodhani ni changarawe ikasogea:
samoni, mgongo kwa mgongo,
wengine wameanza kuoza wangali hai,
mapezi yamechanika kama kitambaa cha deki,
na bado wanapanda.

Darajani alisimama binti, koti la manjano, jina Marisel;
babu yake alitoka Ufilipino kuja kupasua samaki humu humu.
Kiganjani kidude cha chuma: tik. Tik tik.
Nilijua kabla sijaambiwa anafanya nini.
"Akiteleza akarudi nyuma?"
"Anatolewa."
"Akipanda tena?"
"Anahesabiwa upya, kama hakuwahi kuanguka."

Sijui aliona nini usoni mwangu.
Akanipa kidude, akaenda kunywa kahawa.

Dakika kumi. Mvua ikiniingia kolani.
Kulikuwa na mmoja ana jeraha ubavuni, alama ya meno,
akiruka jiwe, akishindwa, akiruka:
nikamtia, nikamtoa,
nikamtia, nikamtoa,
mara nne nikamwandika na kumfuta.
Mara ya tano povu likamfunika.
Nilitazama juu ya jiwe. Nilitazama chini yake.
Hakuwapo huku wala kule.

Nikabonyeza.

Miaka thelathini na mmoja, Mungu wangu,
na gramu yangu ya kwanza ya uongo
nimeiweka kwa samaki asiyenijua, nchi isiyonidai.
"Sitini na wanane," nikamwambia Marisel.
Akaandika bila kuuliza.
Ndivyo walivyokuwa wakiandika na wale wauza mchele wa Hedaru,
nikakumbuka, na nikawaonea haya kidogo.

Saa tisa na nusu meli ikanguruma.
Ting. Nikaongezwa.
Viatu vilitema maji zulia zima hadi chumbani.

Usiku Mbonea akapiga simu.
"Umemwona dubu, mama?"
Dubu sikumwona, nikamwambia,
na hiyo ni kweli.